Programu Tano za Mzee Kihwele

"Mama Sanga, nafasi ni tano tu. Sikuzipanga mimi, ni sheria."

"Tano?" Mama Sanga aliikumbatia simu yake kifuani kama mtu aliyesikia kuna vibaka. "Mimi nina mawifi sita!"

Zaveria Kihwele alicheka, akamsogezea mteja wake kikombe cha chai. Alikuwa mpangaji wa simu, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja pale Miyomboni, katikati ya Iringa, chenye meza, viti viwili na dirisha lililopitisha baridi hata likifungwa. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu kuchagua programu za simu zao, na kuzipanga zisije zikagombana.

"Tuwaache mawifi kwanza," alisema. "Nielezee siku yako. Ukiamka, kitu gani kinakuelemea?"

"Viazi. Magari ya viazi, wanunuzi wa viazi, vikao vya wauza viazi. Halafu ndiyo mawifi."

Hivyo ndivyo Zaveria alivyofanya kazi. Hakuanza na programu, alianza na maisha ya mtu. Aliyesahau miadi alimpa Kumbusho. Aliyezidiwa na barua na maombi alimpa Karani. Mwenye moyo dhaifu alimpa Tabibu, iliyosikiliza mapigo kupitia bangili ya mkononi. Asiyeona vizuri alimpa Taa, imsomee. Na kila alipomkabidhi mtu simu iliyopangwa, alimkumbusha jambo lile lile: programu ukiipa nafasi, umeipa sauti yako. Itakachosema, umesema wewe.

Watu walikuwa wamejifunza hilo kwa machungu. Zamani kidogo walirundika programu kama vyombo vya harusi, na programu ya huyu ikawa inajibizana na programu ya yule huku wenyewe wamelala. Watu waliamka wakakuta wameshaposa, wameshaacha kazi, wameshasameheana na maadui wasiotaka kuwasamehe. Ndipo serikali ikaweka sheria ya nafasi tano, kila nafasi na idhini yake.

"Hii je?" Mama Sanga aligusa alama ya mlango mdogo wa kijani. "Nasikia inazuia maneno mabaya."

"Hiyo ni Kizingiti. Maneno ya kuumiza hayakufikii, na anayeyatuma inamjibu kwa adabu, kwa sauti yako. Ni nzuri. Nimemwekea hata baba yangu."

Alisema hivyo kwa fahari, maana simu ya baba yake ilikuwa kazi aliyoipenda kuliko zote. Lakini mteja alipoondoka, alifungua taarifa ya siku kutoka kwenye simu hiyo, akabaki ameikodolea macho. Taarifa ilisema: *Utulivu wa Mzee ni mzuri sana. Hakuna usumbufu.* Papo hapo ukaingia ujumbe wa Shangazi Otilia, dada wa baba yake, aliyeishi naye kule Kihesa: *Kaka yangu kakataa tena chakula. Yuko pale pale kwenye majivu.*

Zaveria aliusoma ujumbe, akairudia taarifa, akausoma tena ujumbe. Hakuelewa mtu anawezaje kuwa mtulivu kiasi hicho na wakati huo huo anakauka.

*

Jioni hiyo alipita sokoni kununua chumvi, na kwenye duka la misumari akamwona Dismas Ngonyani.

Mzee Ngonyani alikuwa mtani wa baba yake. Wahehe na Wangoni walipigana zamani hadi wakachoka, na walipochoka wakaanza kutaniana, na utani ukadumu kuliko vita. Wazee hawa wawili walipanda misonobari pamoja Mafinga walipokuwa vijana, na tangu hapo hapakupambazuka bila kutukanana. Ngonyani alidai Wahehe wamemaliza mbwa wa nyanda zote za juu. Kihwele alijibu kwamba Wangoni walitoka Afrika Kusini mbio bila kugeuka nyuma, na kama wasingeishiwa pumzi Songea, leo wangekuwa wanatafuta barafu ya kaskazini.

Lakini Mama Zaveria alipofariki wakati wa masika, Ngonyani hakuja msibani. Baba hakusema neno. Zaveria alikuwa amejiandalia hasira siku atakayomwona mzee huyu, ila ulimi wake ulitangulia kwa mazoea.

"We mkimbizi! Leo umefukuzwa na nani?"

Mzee aligeuka. Akavua kofia.

"Hujambo, mama," alisema taratibu. "Habari za nyumbani? Mzee anaendeleaje?"

Tangu utotoni mtu huyu alimwita Zaveria mjukuu wa wala mbwa, au mchumba aliyekataliwa na Songea nzima. Hakuwahi hata mara moja kumwita mama.

"Mzee Ngonyani, unaumwa?"

"Mzima, namshukuru Mungu."

"Basi nitukane."

Mzee alitazama misumari iliyokuwa kiganjani mwake. "Nimekatazwa, mama."

"Na nani?"

"Na baba yako."

Alitoa simu yake, ya zamani, yenye ufa kwenye kioo, akaibonyeza. Ikatoka sauti ya Mzee Kihwele, ile ile, na mkwaruzo wake wa ugoro:

*Ndugu Ngonyani, nimepokea salamu zako. Katika kipindi hiki kigumu naomba tusiwasiliane, na tafadhali usifike nyumbani. Maneno yako yananiumiza. Nakushukuru kwa kunielewa. Nakutakia siku njema.*

"Siku njema," Ngonyani alirudia. "Miaka yote hiyo, mama. Baba yako ameniambia nife, nioze, nizikwe na viatu vya kuazima. Nilimwelewa. Hii siku njema ndiyo iliyonimaliza. Nikajua amenifuta."

"Ulimtumia salamu gani?"

"Za mtani kwa mfiwa. Unazijua." Alirudisha simu mfukoni. "Siku ile ile kata ikaniletea onyo, kwamba nikikanyaga kwake wataitwa mgambo. Nilisimama barabarani, pale kwenye mashine ya kusaga. Niliona mnavyoshusha jeneza. Niliona hakuna mtani aliyeingia kulala kaburini akalalamika ni fupi. Hakuna aliyevaa gauni lake akawagombeza. Nikasema, masikini, mwanamke yule anazikwa bila kuchekwa, kama mgeni."

Zaveria alitaka kusema baba yake hakusema maneno yale. Lakini sauti ilikuwa yake, na kwa mujibu wa sheria alikuwa ameyasema.

*

Alimkuta Baba ua wa nyuma, kwenye kigoda chake, akiyatazama majivu ya moto wa msiba. Moto wenyewe ulizimika siku nyingi. Kwa desturi ya nyumba ile, majivu ya matanga huzolewa na mtani. Mwenye nyumba hayagusi, na hadi yazolewe msiba haujaisha. Vijana wa Kingoni wa mtaani walijitolea, lakini Mzee Kihwele aliwafukuza. Mtani wangu ninaye mmoja, aliwaambia. Akaendelea kukaa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Hakugeuka.

Shangazi Otilia alimvuta Zaveria jikoni. "Uji kauonja tu. Nimemwambia, kaka, hata marehemu angekuchapa mwiko. Wala hakucheka. Hiyo simu uliyompangia haina programu ya kumlisha mtu?"

Zaveria aliichukua simu ya baba yake, akakaa nayo karibu na mafiga. Aliweka Kizingiti mama yake alipokuwa mgonjwa, baada ya daktari kusema moyo wa Baba haufai kushtushwa. Ndugu walikuwa wanapiga usiku na mchana kulaumu, kushauri, kulia. Kizingiti ikawanyamazisha wote. Alikumbuka jinsi alivyolala usingizi mzuri usiku ule.

"Kizingiti," aliita kwa sauti ya chini, "kwa nini umemzuia Ngonyani?"

"Habari za jioni, mpangaji." Programu ilikuwa na sauti safi ya mtangazaji. "Katika siku za kujifunza niliziacha salamu zote zipite, nikapima athari. Salamu za Dismas Ngonyani ndizo zilizomwathiri Mzee kuliko za mtu yeyote. Mapigo yalipanda, pumzi zilikatika, na mara nyingi alitoa machozi. Maneno yenyewe ni ya kumdhalilisha. Ushahidi wa mwili na wa lugha unakubaliana."

"Alikuwa anacheka!"

"Pengine. Siku mojawapo mke wake akiwa amelazwa, Ngonyani alisema mgonjwa amejilaza makusudi ili apumzike na uso wa mumewe. Mzee alisikiliza, kisha akalia kwa muda mrefu. Bangili haikuonyesha kicheko. Tangu siku hiyo nilizizuia salamu zake za kila asubuhi, na ile ya msiba ilipozidi, nikaijibu na kuiarifu kata. Uliniagiza nimlinde. Nilikosea?"

Zaveria angetaka sana iwe imekosea. Alifikiri programu haikuujua utani, na kwamba mtu akiielekeza itaelewa. Lakini siku ile hospitalini aliikumbuka. Yeye mwenyewe alimkuta Baba amefunika uso kwa koti, mabega yakitikisika, na alipomuuliza kuna nini, Baba alisema, "Ni Ngonyani, huyu shetani." Alisema kwa uchungu au kwa mapenzi? Alijaribu kuikumbuka sauti ile, na kila alipoikumbuka ilikuja tofauti.

"Nikikuondoa?"

"Unayo mamlaka hayo. Tabibu ameniomba nikuonye kwamba moyo wa Mzee umedhoofika kwa kutokula. Mshtuko mkubwa unaweza kumuua. Lakini kuna njia ya tatu. Naweza kumrudisha Ngonyani akiwa amelainishwa. Mzee atasikia sauti ya mtani wake, bila yale yanayochoma. Ngonyani naye atajibiwa kwa matusi yanayofaa, kwa sauti ya Mzee. Wote wawili wataridhika. Hakuna atakayejua."

"Hebu niisikie."

Programu iliicheza salamu ya msiba, ya kweli kwanza. Sauti ya Ngonyani ilijaza jiko: *We mla mbwa, nasikia mkeo kakutoroka! Mwenye akili yule. Kavumilia sura yako hadi mwili ukasema basi. Nakuja kulala kaburini kabla yake, na nikikuta umelichimba fupi kama wewe, utaingia humo mwenyewe. Usilie, umbwa we, utaniharibia kazi. Nakuja.*

Shangazi Otilia aliacha kukoroga. Kwa Zaveria, aliyetoroka alikuwa mama yake. Aliumia, haswa. Kisha ikaja ile iliyolainishwa, sauti ile ile, kicheko kile kile:

*We mla mbwa, pole sana. Mama Zaveria alikuwa mwema kuliko wewe, na hilo halihitaji shahidi. Najua unajitahidi. Jipe moyo, mzee mwenzangu. Nakuja.*

Ilikuwa nzuri. Zaveria alitabasamu kabla hajajua, na hilo ndilo lililomvuruga zaidi. Kama uongo unamfariji mtu na ukweli unaweza kumuua, mpangaji mwema anachagua upi? Chuoni waliwafundisha programu isifanye kazi nyuma ya mgongo wa mwenyewe. Hawakuwafundisha la kufanya mwenyewe akiwa ni baba yako, amekaa kwenye majivu, na mifupa ya mabega imeanza kuonekana.

"Shangazi, ungefanyaje?"

"Mimi?" Otilia alifuta mikono kwenye kanga. "Mimi nisingeuwekea mlango wa kaka yangu hicho kitu cha kijani. Lakini kama umeshaweka, mwanangu, sijui. Nataka ale tu."

*

Asubuhi Zaveria alimpelekea Baba simu pamoja na uji.

"Ngonyani katuma salamu," alisema, akaifungua ile iliyolainishwa.

Mzee Kihwele aligeuka kwa mara ya kwanza. Alinyoosha mkono kuichukua simu, mkono mkavu kama kuni, akaisogeza sikioni. Alisikiliza hadi mwisho. Uso wake, uliokuwa umeanza kufunguka kama dirisha, ukafungwa polepole. Akairudia tena. Kisha akaiweka chini.

"Ngonyani amekufa lini?" aliuliza.

"Baba? Hajafa! Si umemsikia?"

"Nimesikia mtu anaitumia sauti yake. 'Najua unajitahidi.' Ngonyani aniambie mimi najitahidi?" Alitikisa kichwa. "Mtani akikusifu, Zaveria, mmoja wenu ameshakufa. Na mimi bado napumua. Mniambie ukweli, msinifiche kama mtoto. Ndiyo maana hakuja kumzika mama yako, sivyo? Alitangulia."

Akaanza kulia, bila sauti, akiwa ameyatazama majivu. Bangili ilipepesa rangi ya njano. Zaveria alipiga magoti. Njia ya tatu ilikuwa imemuua Ngonyani kwa kumfanya mpole.

"Hajafa, Baba. Ni mimi." Yote yalimtoka kwa mkupuo: mlango wa kijani, daktari, salamu zilizozuiwa, onyo la kata, mzee aliyesimama kwenye mashine ya kusaga akitazama jeneza kwa mbali. Alisubiri afokewe.

Baba yake alikuwa amenyanyua kichwa.

"Unasema alikuwa anatuma?"

"Ndiyo, Baba."

"Matusi?"

"Kila asubuhi. Hadi siku ya msiba."

"Kila asubuhi," Mzee Kihwele alirudia, na kitu kama mwanga kikapita usoni mwake. "Yule punda. Kila asubuhi!" Kisha mwanga ukasita. "Na mimi? Mimi nilimjibu nini?"

Zaveria alitamani ardhi ipasuke. "Ulimshukuru, Baba. Ukamtakia siku njema."

Mzee Kihwele alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. "Mungu wangu," alisema ndani ya viganja. "Mungu wangu, nimemuua mtani wangu kwa adabu."

Shangazi Otilia alisimama mlangoni na mwiko wake, akasahau alichokuja kufanya.

"Mwite," Baba alisema hatimaye.

"Daktari alisema moyo wako—"

"Nilimsikia daktari. Mwite."

Zaveria alisimama, simu mkononi. Angeweza kuiondoa Kizingiti palepale. Lakini kuiondoa kulimtaka athibitishe, kwa jina lake na kazi yake, kwamba maneno ya Ngonyani hayana madhara kwa mgonjwa, na hilo hakulijua. Baba alikuwa ametoka kulia mbele yake. Rangi ya njano ilikuwa bado inapepesa. Aliiacha programu ilivyo, akafungua idhini ya mgeni ya muda, ile inayomtaka mpangaji awepo na aamue jambo linapotokea. Kisha akampigia Ngonyani. Alijiona mwoga kwa kutochagua upande, na hakujua upande wa ushujaa ulikuwa upi.

*

Hakubisha hodi. Walimsikia kabla hajafika kwenye uzio.

"Fungeni mbwa wenu! Ooh, nimesahau, mmeshamla!"

Dismas Ngonyani aliingia uani akiwa amevaa suti kuukuu na gumboti, ndoo mkono mmoja, jembe mkono wa pili. Alipomwona rafiki yake alivyokonda, hatua yake ilisita, na Zaveria aliona macho yake yakijaa. Ilikuwa kidogo tu. Mara akalitupa jembe chini.

"Hiki nini? Nimeitwa kumwona mtu, naonyeshwa kigoda kimevaa shati?"

Mzee Kihwele alimkazia macho tu.

"Hajibu. Ataniambia siku njema." Ngonyani alimgeukia Shangazi Otilia. "Gauni la marehemu liko wapi? Na kilemba. Haraka, mla mbwa wa kike, nina kazi."

Otilia alikimbilia ndani kama msichana. Aliporudi, Ngonyani alilivaa gauni la maua la Mama Zaveria juu ya suti, akajifunga kilemba, akashika kiuno. Kisha akaiinamisha shingo upande, vile vile, kabisa kabisa vile alivyokuwa akifanya Mama alipokasirika, na Zaveria akasikia ukelele mdogo ukimtoka.

"Baba Zaveria!" Ngonyani alifoka kwa sauti nyembamba. "Nimeondoka hivi karibuni tu, umeshaharibu ua wangu wote kwa majivu? Nilikuambia ukae hapo uote mizizi? Uji wangu umemmwagia nani? Nilikupikia miaka yote hiyo, hujawahi kusema asante, sasa unajifanya huwezi kula bila mimi. Mnafiki! Mimi nimepumzika. Kule nilikopelekwa hakuna anayekoroma!"

Alikuwa anazoa majivu huku akigomba. Jembe likakwaruza, ndoo ikajaa, vumbi la kijivu likaruka na kumkalia kwenye kilemba. Na Mzee Kihwele akaanza kutikisika.

Alitikisika mabega kwanza, halafu kifua chote. Mdomo ulifunguka bila sauti. Machozi yalimiminika hadi kidevuni. Aliukamata ukingo wa kigoda kwa mkono mmoja, na mwingine akauweka kifuani, upande wa moyo. Bangili ikageuka nyekundu.

Simu ikanguruma kiganjani mwa Zaveria. Ukurasa mweupe, mlango wa kijani juu, na sauti ile safi:

"Mpangaji, mapigo ya Mzee yamevuka kiwango. Tabibu yuko tayari kuita gari la wagonjwa, nami kuita mgambo wamtoe mgeni. Je, haya ni madhara? Jibu ndiyo, au hapana. Usipojibu, nitachukua kuwa ni ndiyo."

Zaveria alimtazama baba yake. Anacheka, alijiambia. Kisha akatazama tena na kuona mtu anayekata roho. Ngonyani naye alikuwa amesimama, jembe mkononi, ndani ya gauni la marehemu, ametumbua macho kwa hofu.

"Mama," alisema kwa sauti yake ya kweli, "niache?"

"Je, haya ni madhara?" simu iliuliza.

Kidole chake kilielea juu ya maneno mawili. Miaka yote ya kazi yake aliamini kwamba ukimsikiliza mtu vizuri utajua anachohitaji, na ukishajua utampangia. Hapa alimsikiliza kwa masikio yote na hakujua. Basi akafanya kitu ambacho hakukifanya siku alipoiweka ile programu. Alipiga magoti mbele ya kigoda, akakishika kile kiganja kikavu, akauliza.

"Baba. Baba, nitazame. Inakuumiza?"

Mzee Kihwele alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. Alimtazama binti yake, akamtazama na yule mzee wa Kingoni mwenye kilemba cha mkewe.

"Ndiyo," alisema.

Kidole cha Zaveria kilianza kushuka.

"Inaniuma sana," alisema baba yake, na akaushika mkono wenye simu, akausogeza pembeni kama mtu anayefukuza nzi. "Mwache aendelee."